Uwiano wa Pande: Sababu ya Mkalimani wa Lugha ya Alama Kukatwa Ukingoni mwa Televisheni

Kata ya Mabamba, wilayani Kibondo, mkoani Kigoma, ipo mpakani na Burundi. Kama ilivyo katika vijiji vingi vya nyanda za juu za Kibondo na Kasulu, si kila nyumba yenye televisheni, na taarifa ya habari mara nyingi hutazamwa kwa pamoja, mgahawani au dukani. Televisheni hiyo yaweza kuwa bapa ya miaka ya karibuni, au ile yenye mgongo mrefu ambayo mitaani huitwa "ya chogo". Tangazo moja la Serikali, lililorushwa na kituo kimoja kwa wakati mmoja, huweza kuonekana kwa sura tofauti katika kila moja. Katika ya kwanza msemaji ana uso wake wa kawaida. Katika ya pili uso umetanuka na mabega yamekuwa ya mtu mwingine. Katika ya tatu uso ni sawa, lakini kisanduku cha mkalimani wa lugha ya alama kilichopo pembeni kimekatwa: mkono mmoja unaonekana, mwingine haupo.

Kwa mtazamaji anayesikia, hiyo ni kasoro ya macho tu, naye huendelea kufuatilia kwa sauti. Kwa kiziwi, taarifa imekatika. Lugha ya alama huzungumzwa kwa mikono yote miwili, kwa uso na kwa mabega, na alama iliyoonekana nusu ni sawa na neno lililotamkwa nusu. Ibara ya 18 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania inampa kila mtu haki ya kupewa taarifa kuhusu matukio muhimu kwa maisha na shughuli za wananchi. Aidha, Tanzania iliridhia mwaka 2009 Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, ambao katika ibara yake ya 21 unazitaka nchi wanachama kuikubali na kuiwezesha lugha ya alama katika utoaji wa taarifa. Haki hiyo, kwa mwananchi aliyeketi mbele ya televisheni, huweza kupotea kwa sababu ya mpangilio mmoja wa king'amuzi ambao hakuna aliyeugusa tangu siku kilipofungwa.

Mara nyingi king'amuzi hicho si kibovu, wala mitambo ya kituo haina hitilafu. Kinachogongana ni namba mbili ambazo mafundi huziita uwiano wa pande.

Uwiano wa pande ni nini

Uwiano wa pande ni namba inayoeleza upande mmoja wa umbo ni mkubwa mara ngapi kuliko upande wa pili. Skrini yenye uwiano wa 4:3 ina vipande vinne vya upana kwa kila vipande vitatu vya kimo. Skrini yenye uwiano wa 16:9 ina vipande kumi na sita vya upana kwa kila vipande tisa vya kimo. Namba hizo hazisemi lolote kuhusu ukubwa. Simu ya mkononi iliyolazwa na ukuta wa sinema vinaweza kuwa na uwiano uleule.

Mfano ulio wazi zaidi unapatikana hapohapo mpakani, juu ya milingoti. Bendera ya Tanzania ina uwiano wa 2:3, yaani kimo cha vipande viwili kwa urefu wa vipande vitatu. Bendera ya Burundi, tangu mwaka 1982, ina uwiano wa 3:5. (Kwa bendera kimo hutajwa kwanza, kwa skrini hutajwa upana kwanza. Wanaoagiza vitambaa na wanaoagiza televisheni hawakukaa meza moja.) Bendera mbili zenye kimo cha sentimita 90 zikipandishwa sambamba, ya Tanzania itakuwa na urefu wa sentimita 135 na ya Burundi sentimita 150. Fundi cherehani atakayekata vitambaa vyote viwili kwa kipimo kimoja atakuwa amekosea bendera ya nchi mojawapo, hata kama rangi zote ni sahihi.

Bendera ya Burundi inafaa kwa somo hili kwa sababu nyingine pia: katikati yake kuna duara jeupe lenye nyota tatu. Ofisa anayetengeneza tangazo la mkutano wa ujirani mwema kwenye kompyuta, akaibana picha ya bendera hiyo ili iingie katika nafasi ya 2:3 iliyoachwa na bendera ya Tanzania, ataona duara limegeuka yai. Duara lililokuwa na sentimita 30 kila upande sasa lina kimo cha sentimita 30 na upana wa sentimita 27. Duara halifichi kosa la uwiano, na ndiyo maana mafundi wa televisheni tangu zamani wameweka duara kubwa katika picha zao za majaribio.

Picha ya uwiano mmoja ikitakiwa kuingia katika nafasi ya uwiano mwingine, zipo njia tatu. Inaweza kuvutwa au kubanwa, na hapo maumbo huharibika. Inaweza kukatwa, na hapo kilichopo ukingoni hupotea. Au inaweza kuachwa kama ilivyo, na hapo hubaki nafasi tupu pembeni au juu na chini. Kila kifaa kinachoonesha picha, kwa menyu yoyote na jina lolote, huchagua mojawapo ya hizo au huzichanganya.

Karatasi za ofisini ziliepushwa na tatizo hili kwa hesabu ya busara. Karatasi ya A4 ina milimita 210 kwa 297, uwiano wa takribani 1 kwa 1.414, na ni uwiano pekee ambao karatasi ikikunjwa katikati ya urefu wake, kila nusu hubaki na uwiano uleule wa awali. Ndiyo maana tangazo la A3 hupunguzwa kuwa A4 bila herufi kuharibika wala ukingo kukatwa, na ndiyo maana mashine nyingi za kudurufu zina vitufe vya asilimia 71 na 141. Kipimo hicho kilianza Ujerumani mwaka 1922. Waliobuni televisheni hawakuwa na bahati hiyo.

Namba ya mafundi kabla ya kuwa namba ya picha

Katika uhandisi, uwiano wa pande ni zaidi ya suala la mwonekano, kwa kuwa huamua kama kitu kitabeba, kitapinda au kitaruka. Fundi seremala anayepaua nyumba Kasulu anaufahamu bila kuutaja kwa jina. Mbao ya inchi 2 kwa 6 ikilazwa kwa ubapa, mtu akisimama katikati yake hunepa sana. Mbao hiyohiyo ikisimamishwa kwa upande wake mwembamba, uimara wake dhidi ya kunepa huwa mara 9, na mzigo inaoweza kubeba kabla ya kuvunjika huwa mara 3. Mbao haikuongezwa hata kidogo. Kilichobadilika ni upande upi umekuwa kimo. Kwa mbao ya 2 kwa 4 faida ni mara 4 na mara 2. Kanuni yake ni kwamba uimara dhidi ya kunepa hufuata kimo kilichozidishwa mara tatu kwa chenyewe, ilhali upana huhesabiwa mara moja tu. Hata hivyo, mbao ndefu na nyembamba kupita kiasi huanza kupinda kwa ubavu, na ndiyo sababu kenchi hufungwa mbao za kuzishikilia pembeni.

Mmiliki wa gari naye hubeba uwiano wa pande kwenye ubavu wa kila tairi. Maandishi 195/65R15 yana maana kwamba tairi lina upana wa milimita 195, kimo cha ubavu wake ni asilimia 65 ya upana huo, yaani karibu milimita 127, na rimu yake ina kipenyo cha inchi 15. Namba ya katikati ndiyo uwiano. Tairi nyingi za pikipiki za kusafirisha abiria zenye maandishi kama 3.00-17 hazioneshi namba hiyo, kwa kuwa katika mfumo huo wa zamani kimo huchukuliwa kuwa karibu sawa na upana.

Wapo madereva ambao, kutokana na mashimo na mawe ya barabara za vumbi, hubadili 195/65 na kuweka 195/80 kwenye rimu ileile ili gari linyanyuke. Gari hunyanyuka kweli, kwa takribani sentimita 3. Lakini kipenyo cha tairi zima huongezeka kutoka milimita 634 hadi 693, ambayo ni zaidi ya asilimia 9. Kipima mwendo hakijui mabadiliko hayo, kwa sababu kinahesabu mizunguko tu. Mshale ukionesha kilomita 50 kwa saa, ambayo ndiyo kikomo katika maeneo ya makazi, gari linakwenda karibu 55. Ukionesha 80, linakwenda zaidi ya 87. Dereva aliyesimamishwa na askari wa usalama barabarani anaweza kuapa kwamba alitii mshale, na akawa anasema kweli, na bado akawa amevunja sheria.

Kwa ndege, uwiano hupatikana kwa kuzidisha urefu wa mabawa, ncha hadi ncha, kwa wenyewe, kisha kugawa kwa eneo lake. Ndege za De Havilland Dash 8-400, ambazo Kampuni ya Ndege Tanzania ilizipokea kuanzia Septemba 2016, zina mabawa ya mita 28.4 na eneo la mita za mraba zipatazo 63, hivyo uwiano wake unakaribia 12.8. Bawa refu na jembamba hupunguza nguvu inayopotea katika upepo unaojizungusha kwenye ncha za mabawa, na hiyo huokoa mafuta. Wahandisi hawakuwa wa kwanza kuligundua hilo. Katika ardhioevu ya Malagarasi–Muyovozi, ambayo mwaka 2000 iliingizwa katika orodha ya Mkataba wa Ramsar, mwari hupaa kwa muda mrefu bila kupiga mabawa yake marefu.

Jinsi namba mbili zilivyokutana

Uwiano wa 4:3 una umri mkubwa kuliko televisheni. Ulitokana na filamu ya milimita 35 iliyotengenezwa katika maabara ya Thomas Edison nchini Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1890, na televisheni zilipoanza ziliurithi. Kuanzia mwaka 1953 kampuni za sinema, zikiwania watazamaji waliokuwa wakibaki nyumbani na televisheni zao, zilipanua picha hadi zaidi ya mara mbili ya kimo chake. Ulipofika wakati wa kubuni televisheni ya picha ang'avu, katika miaka ya 1980, wahandisi walitafuta umbo ambalo lingebeba picha zote, nyembamba na pana, bila upotevu mkubwa kwa yoyote. Jibu lilikuwa 16:9, ambalo kwa hesabu lipo karibu katikati ya 4:3 na picha pana ya sinema. Uwiano huo haukuwa kamili kwa filamu wala kwa televisheni ya zamani, na huenda ndiyo maana ulikubalika.

Tanzania ilianza na 4:3 kama mataifa mengine. Televisheni Zanzibar, iliyoanza mwanzoni mwa miaka ya 1970 ikiwa na matangazo ya rangi, na vituo vya Tanzania Bara vilivyofuata kuanzia miaka ya 1990, vyote vilirusha picha za umbo hilo, na televisheni za majumbani zilikuwa na umbo hilohilo. Mtazamaji hakuwa na sababu ya kujua neno uwiano. Hali ilibadilika usiku wa tarehe 31 Desemba 2012, mitambo ya analojia ilipozimwa jijini Dar es Salaam, na katika miaka iliyofuata ikazimwa katika miji mingine chini ya usimamizi wa Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania. Ukomo uliowekwa na Shirika la Mawasiliano Duniani ulikuwa Juni 17, 2015. Mjadala wa wakati ule ulihusu bei ya ving'amuzi na mahali minara ilipofika. Umbo la picha halikuzungumzwa sana, ingawa kuanzia hapo kati ya kituo na kioo kiliingia kifaa cha tatu chenye uamuzi wake kuhusu picha.

Leo vituo vinaendelea kuhamia 16:9. Vipindi vya zamani vya 4:3 bado vinarudiwa. Televisheni za chogo bado zinafanya kazi, na hasa katika maeneo ambayo kifaa hakitupwi kabla hakijaisha. Zaidi ya hapo, inchi zinazotajwa dukani hazisaidii kulinganisha, kwa sababu hupimwa kwa mshazari. Televisheni ya inchi 32 yenye uwiano wa 16:9 ina upana wa karibu sentimita 71 na kimo cha sentimita 40. Ya inchi 32 yenye uwiano wa 4:3 ina sentimita 65 kwa 49, na eneo lake la kioo ni kubwa kwa takribani asilimia 12. Mnunuzi aliyebadilisha ya zamani kwa mpya ya inchi zilezile na kuhisi kwamba watu kwenye kioo wamepungua, hakukosea.

Hesabu ya upotevu ni hii. Picha ya 4:3 ikivutwa kujaza kioo cha 16:9, kila kitu hutanuka kwa theluthi moja. Mpira wa miguu huwa yai lililolala. Picha ya 16:9 ikiwekwa nzima kwenye kioo cha 4:3, robo ya kioo hubaki nyeusi, juu na chini. Na picha ya 16:9 ikikatwa ili kukijaza kioo cha 4:3, asilimia 12.5 ya picha hupotea kushoto, na asilimia 12.5 kulia.

Tuchukue mfano wa kisanduku cha mkalimani kinachochukua sehemu moja ya sita ya upana wa picha, kikiwa kimegusa ukingo wa kulia. Sehemu ya sita ni karibu asilimia 16.7. Ukiondoa 12.5 zinabaki 4.2, yaani robo ya kisanduku. Robo tatu ya mkalimani imeondoka. Maandishi yanayopita chini ya picha nayo hupoteza herufi za mwanzo na za mwisho, na kama ni namba ya simu ya dharura iliyosimama ukingoni, tarakimu mbili au tatu zinaweza kutoweka bila mtazamaji kujua kwamba kuna kilichotoweka. Sauti haina tatizo hilo, hivyo anayesikia hana cha kulalamikia, na kasoro hudumu miaka.

Kurekebisha kwa mtazamaji

Katika menyu ya ving'amuzi vingi kuna sehemu ya mipangilio ya picha, mara nyingi ikiwa na maneno ya Kiingereza "Aspect Ratio". Humo huwa na machaguo yaliyoandikwa 16:9, 4:3 LB na 4:3 PS, na pengine "Auto". Alama LB ina maana ya picha nzima yenye utepe mweusi juu na chini. Alama PS ina maana ya picha iliyokatwa pembeni. Hiyo ya mwisho ndiyo inayomkata mkalimani, nayo hupendwa kwa sababu hujaza kioo chote. Mwenye televisheni ya chogo anayetaka kuona taarifa yote anapaswa kuchagua 4:3 LB. Gharama yake ipo: kwenye televisheni ya inchi 21, picha hupungua hadi sentimita 24 za kimo, na kisanduku cha mkalimani huwa na upana wa sentimita 7 tu. Mtazamaji kiziwi atahitaji kuketi karibu, na ni vema aliyeweka televisheni mgahawani amwachie nafasi ya mbele.

Mwenye televisheni bapa achague 16:9 kwenye king'amuzi, kisha 16:9 kwenye televisheni yenyewe. Hatua zote mbili zinahitajika. Ikiwa king'amuzi kimeachwa kwenye 4:3 LB na televisheni nayo imewekwa 4:3, picha huzungukwa na weusi pande zote nne na kutumia asilimia 56 tu ya kioo ambacho mnunuzi amekilipia chote. Vilevile kitufe cha rimoti chenye neno "Zoom" au "P.Size" hubadilisha mpangilio wa televisheni peke yake, bila king'amuzi kujua. Waya wa HDMI unaweza kupeleka taarifa ya uwiano kutoka kifaa kimoja hadi kingine. Waya wa rangi tatu, wa njano, nyekundu na nyeupe, kwa kawaida hauipeleki, hivyo kazi hiyo hufanywa kwa mkono. Ili kuhakiki, inatosha kutafuta kitu cha duara kwenye picha: mpira, gurudumu la gari, saa ya ukutani. Kikiwa duara, na mabega yote mawili ya mkalimani yakionekana, mpangilio ni sahihi.

Zipo pia televisheni bapa ambazo hukata asilimia chache za kila ukingo hata uwiano ukiwa sahihi, tabia iliyorithiwa kutoka kwa vioo vya chogo ambavyo kingo zake hazikuwa nyoofu. Kwa sababu hiyo Umoja wa Watangazaji wa Ulaya, katika mwongozo wake kwa picha za 16:9, unashauri maandishi yote yawekwe ndani zaidi ya asilimia 5 kutoka kila ukingo.

Upande wa anayetoa taarifa

Sehemu kubwa ya taarifa za umma sasa hupita kwenye simu, na simu hushikwa wima. Uwiano wake umegeuka kuwa 9:16 au mwembamba zaidi. Video ya mkutano wa hadhara iliyorekodiwa kwa simu iliyosimama, ikipelekwa kituo cha televisheni, hujaza asilimia 32 tu ya kioo kipana. Kilichobaki hujazwa weusi au ukungu wa picha hiyohiyo. Kinyume chake, video ya televisheni ikitazamwa kwenye simu iliyosimama huchukua sehemu kama hiyo ya kimo, na mkalimani huwa mdogo kuliko ukucha. Wanaoikata picha pana ili ijaze simu hubakiwa na chini ya theluthi moja ya upana wake, na mkalimani, ambaye huwekwa pembeni, huwa wa kwanza kuondoka. Njia iliyo salama kwa toleo la simu ni kuwapanga upya: msemaji juu, mkalimani chini yake, kila mmoja akiwa na upana wote.

Kwa toleo la televisheni, njia ni rahisi zaidi na haihitaji kifaa kipya. Picha pana yenye ukali wa kawaida wa vituo vingi, ya nukta 1,920 kwa 1,080, hukatwa nukta 240 kila upande inapogeuzwa kuwa 4:3. Katikati hubaki nukta 1,440, ambazo huonekana kwenye kila televisheni iliyo sokoni na iliyokwisha ondoka sokoni, iwe bapa au ya chogo. Mkalimani akiwekwa ndani ya nukta hizo, na maandishi ya tangazo yakiishia humo, hakuna mpangilio wa king'amuzi utakaomkata mkono. Kwa mpiga picha aliye uwanjani kipimo ni chepesi: agawanye upana wa kioo cha kamera yake katika sehemu nane, aache moja kila upande, na amsimamishe mkalimani ndani ya zile sita za katikati.